Mbwa naye ana fungu lake

Desemba iliyopita niliweka picha kwenye kundi letu la familia. Nimepiga goti kwenye theluji, nimeshika mguu wa mbwa, nampaka mafuta ya mgando katikati ya vidole. Majibu hayakukawia. Binamu yangu wa Himo aliuliza kama huku nimeajiriwa unesi wa mbwa. Mwingine akaandika kwamba watu Marangu, kwetu Kilimanjaro, wanahangaikia ada za watoto, mimi nahangaikia kucha za mbwa. Siku ile sikujibu. Leo najibu, tena kwa kirefu, maana jambo hili nimelibeba miaka na kwangu si dogo.

Nipo Østerdalen, bonde refu la misitu mashariki mwa Norwe, huu mwaka wa tisa. Nafanya kazi kiwanda cha mbao. Jirani yangu ni mzee aliyevuka sabini, mwindaji tangu ujana, na mbwa wake ni jike anaitwa Tuva. Ni elghund wa kijivu, mbwa wa taifa wa Norwe: mkia umejikunja mgongoni, masikio yamesimama, na manyoya ni tabaka mbili, la juu gumu la kuzuia maji, la chini zito na laini kama pamba ya godoro. Magoti ya mzee yamechoka, kwa hiyo kila msimu nafuatana naye kubeba mzigo na kuburuta nyama. Bunduki anashika yeye. Mimi nashughulika na Tuva.

Wanachowinda ni elgi, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe pana kama sinia, na dume lililokomaa huweza kupita kilo 400. Msimu unaanza tarehe 25 Septemba na kufungwa tarehe 23 Desemba. Wiki za mwanzo ni raha, msitu una rangi za dhahabu na mbwa anarudi amechafuka matope tu. Shughuli inaanza Novemba.

Naomba nieleze kazi yenyewe, maana wengi nyumbani wanadhani mbwa wa kuwinda anakimbiza mnyama na kumng'ata. Tuva hang'ati. Tunamfungulia mahali ambapo upepo unatujia usoni, anainua pua, anasimama kidogo, kisha anapotea kati ya misonobari. Anaweza kwenda kilomita mbili. Hapo kuna kimya, na mzee hasemi neno. Halafu unasikia mbweko mmoja, wa pili, kisha mfululizo wenye mwendo sawa kama mtu anayetwanga kinu. Maana yake amempata na amemsimamisha. Elgi hamwogopi mbwa mdogo vile. Anageuka, anamkabili, anasimama amkazie macho. Tuva akimsogelea mno, elgi atakasirika au atakimbia. Akikaa mbali mno, atampuuza na kuondoka zake. Kwa hiyo anasimama kwenye umbali ule ule, anabweka, anarudi hatua mbili, anasogea moja, na wakati huo mzee ananyata kutoka upande wa pili wa upepo. Nimewahi kumsikia akishika mnyama namna hiyo karibu saa tatu nzima kwenye baridi ya nyuzi 22 chini ya sifuri. Siku hiyo mzee alifika, akaona kulikuwa na jike na ndama nyuma yake na nafasi ya kupiga vizuri haipo, akashusha bunduki. Alimwita Tuva, akampa kipande cha moyo uliokaushwa alichokuwa nacho mfukoni, akamwambia asante.

Baridi ya kule juu ina hila zake. Theluji mpya ikipita kifua cha mbwa, hakimbii tena, anaogelea, na nguvu zinamwisha mara mbili upesi. Theluji ikiyeyuka mchana na kuganda usiku, juu yake panakaa ganda la barafu linalochana nyayo kama chupa iliyovunjika. Katikati ya vidole panajikusanya vidonge vya barafu, na mbwa asiyekaguliwa atavitafuna mpaka ajichune. Ndiyo hayo mafuta mliyonicheka. Akisikia kiu atakula theluji, na theluji inamnyonya joto la tumboni, kwa hiyo tunabeba maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, yamechanganywa na mchuzi ili ayakubali. Chakula chake miezi hiyo ni kingi na kina mafuta mengi, na mlo mkubwa anapewa jioni, si kabla ya kukimbia. Desemba jua linachomoza kama saa tatu na nusu asubuhi na kufikia saa tisa alasiri limeshazama. Tukirudi gizani, mzee hawashi jiko la kahawa kabla hajamkausha Tuva kwa taulo, hajakagua kila mguu kwa tochi na hajamwona akila.

Sheria ya hapa nayo inamtambua. Kila kundi linalowinda elgi ni lazima liwe na mbwa, wake au wa kuitwa, aliyefaulu mtihani wa kufuatilia mnyama aliyejeruhiwa, ili mnyama asiachwe afe kwa maumivu msituni. Mbwa mwenye cheti.

Sasa nirudi Marangu, kwa sababu siandiki haya ili kuwasifia wazungu.

Babu yangu alikuwa mwindaji. Wenzangu wa rika langu mnamkumbuka akiwa mzee wa mbege, pombe yetu ya ndizi, na bakora, lakini mimi nilimkuta bado ana mbwa wawili na njuga zao. Alipoingia kichakani aliwafunga njuga shingoni, akajua kwa mlio nani yuko wapi na anakimbia au ananusa. Tuva ana kola ya GPS, mzee anamwona kama nukta kwenye simu. Kazi ni ile ile. Babu aliwafuata nguruwe mwitu waliokuwa wanamaliza mahindi ya tambarare, na usiku, kwenye mwezi, aliwafuata perere, wanyama wadogo wa mitini, juu kule wanakolia. Mwezi wa Juni, ukungu ukishuka mpaka kwenye migomba na maji ya mfereji yakiuma mkono, mbwa walilala jikoni karibu na mafiga, na bibi hakuruhusiwa kuwafukuza. Aliyechanwa na miiba au meno ya nguruwe alipakwa samli. Na nyama ikigawanywa, fungu la mbwa lilitoka kwanza, kabla mtoto hajaonja, kabla babu hajaonja. Niliwahi kulia kwa wivu kwa ajili ya hilo fungu. Babu akaniambia, wewe umefanya nini leo?

Wahenga wa pwani walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mimi nasikia hapo kwamba mbwa na mtu wake wanapimwa pamoja.

Hatuwindi tena, na hilo silalamikii hata kidogo. Msitu wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na ni sawa. Minde, wale swala wa msituni waliobaki kule juu, ni wachache duniani, na anayeingia na mbwa leo anamaliza urithi wa wajukuu zake. Ninachosema ni kwamba tulipomwondolea mbwa kazi ya msituni, tulimwondolea na heshima yake. Tembea Moshi mjini, Shanty Town mpaka Majengo, au nenda Arusha, Njiro au Sakina: geti lina maandishi Mbwa Mkali, na nyuma ya geti kuna kiumbe kwenye mnyororo wa mita mbili, jua lote la Februari, bakuli limekauka. Anafunguliwa usiku, anabweka, asubuhi anafungwa. Chakula ni ukoko wa ugali, ukibaki. Watoto wanafundishwa kumtupia mawe. Tuva nimemwona na barafu kwenye kope, nimemwona anachechemea, lakini sijamwona hata siku moja na macho kama ya Bosi, mbwa wa kaka yangu, nilipokwenda likizo mwaka juzi.

Na hapa ndipo napokasirika. Mtoto wa dada yangu aliumwa na mbwa koko njiani akitoka shule. Kituo cha afya cha kwanza walichomkimbiza hakikuwa na chanjo, wakazunguka mpaka jioni, dozi zilizofuata zikalipwa kwa kuuza mbuzi. Alipona, tunamshukuru Mungu. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Inakadiriwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Dawa yake inajulikana: chanja mbwa 7 kati ya 10 katika eneo, mwaka hadi mwaka, na ugonjwa unakosa pa kupita. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 bila kusubiri, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Ndugu zangu mlioandika kuhusu ada: mbuzi aliyeuzwa ndiye aliyekuwa ada. Sindano ya mbwa ingemwokoa mbuzi.

Kuna anayesema mambo ya haki za wanyama ni ya Ulaya. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Hii ya Norwe wanayojivunia, inayosema mnyama ana thamani yake mwenyewe hata asipomfaa mtu, ni ya mwaka 2009. Yetu iliitangulia hiyo. Na kuna anayesema mbwa na theluji ni mambo ya huko kwenu. Mwaka 1962 msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger na wenzake walikutana na mbwa mwitu watano juu kabisa ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwenye barafu, karibu mita 5,900. Mlima wetu, mbwa wetu, ingawa wale hawakuwa wa kufugwa.

Tena mikono yetu bado inaijua kazi hii. Pale Usa River, njia ya kutoka Moshi kwenda Arusha, vijana wa Kitanzania na Kikenya wamefundishwa pamoja na mbwa kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona kwenye mizigo ya bandarini na viwanja vya ndege. Kilimanjaro Magharibi, upande wa Enduimet, askari wa wanyamapori wamefuata nyayo za majangili wakiongozwa na mbwa. Wale mbwa wana ratiba ya chakula, wana daktari, wana mtu mmoja anayewajua kwa kupumua kwao. Hakuna mzungu anayezaliwa na kipaji hicho. Ni kazi, na kazi inamfundisha mtu kumheshimu mwenzake.

Huku nako kuna lisilonipendeza, na nikilinyamazia nitakuwa mwongo. Tuva ana bima, ana kadi ya chanjo, ana daktari wake mjini. Mzee mwenyewe, nje ya msimu, anaweza kumaliza siku nne bila mtu kugonga mlango wake. Homa iliponilaza kitandani mwaka wa kwanza, nilisikia hatua za watu zikipita nje na hakuna aliyesimama. Marangu nisingemaliza asubuhi moja bila mtu kupiga hodi kuuliza mbona moshi hautoki jikoni. Jioni nyingine namwona mzee akizungumza na mbwa saa nzima, na ninajua si kwa sababu anapenda mbwa tu. Mimi ningetaka tuwe na vyote viwili. Sioni kwa nini mtu anayemjali jirani ashindwe kujaza maji kwenye bakuli.

Siombi bima ya mbwa Kilimanjaro. Naomba waya mrefu uliotandazwa uani ili mnyororo utembee, kivuli, maji, chanjo kila mwaka, na chakula kilichopikwa kwa ajili yake badala ya kilichobaki. Bosi sasa anavyo. Nilituma pesa, kaka akanung'unika, mke wake akasimamia.

Nimalizie na jambo la Desemba ile ile ya picha. Tuva alimfuata elgi akavuka tuta la pili, nukta kwenye simu ikazimika. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Nyuzi 24 chini ya sifuri, na bonde hili lina mbwamwitu wa Ulaya, si aina ya wale wa Kibo, ambao wameshaua mbwa wengi wa kuwindia. Mzee alirudi pale tulipomfungulia, akavua koti lake la sufu, akalitandika chini ya msonobari, akasema twende nyumbani. Nilidhani amekata tamaa. Saa mbili asubuhi, giza bado halijapungua, tulimkuta juu ya lile koti, amejikunja, pua chini ya mkia, na theluji mgongoni mwake haijayeyuka hata punje kwa jinsi manyoya yalivyoshika joto ndani. Mbwa aliyepotea hurudi alipoachiwa, mzee akaniambia, na akikuta harufu ya mtu wake anasubiri.

Nilimpigia mama siku hiyo hiyo nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama koti lilikuwa la sufu. Nikasema ndiyo. Akasema kabuti la babu lilikuwa la sufu pia, la jeshi, naye alikuwa analiacha pale kwenye mti wa mwisho kabla ya msitu kila mara mbwa wake Kamata akichelewa kurudi. Asubuhi mama, akiwa binti mdogo, ndiye aliyetumwa kwenda kuwachukua wote wawili, mbwa na kabuti.