Andika juu

Ngoja niisimulie mwenyewe hii habari ya lori la mzee kabla mke wangu hajamaliza kuisambaza kwa ndugu zake wa Tanga, maana kila akiisimulia matundu tuliyotoboa kwenye chesisi yanaongezeka, juzi nimesikia yamefika mia, wakati ukweli ni 32 tu. Thelathini na mbili. Nimeyahesabu kwa kidole zaidi ya mara tano nikitumaini yatapungua.

Mzee wangu, Mungu amrehemu, alituachia lori. Sio fuso, sio kenta, ni Bedford RL, ile ya jeshi la Mwingereza, haina pua, kabini imekaa juu ya injini, tairi nne kubwa na zote zinavuta, nyuma hazina pacha. Zilianza kutoka 1953 na kwao huko aina hiyohiyo ndo walifungia magari ya zimamoto ya kijani waliyoyaita Green Goddess, wazimamoto walipogoma 1977 na wakagoma tena 2002 wanajeshi wakayatoa stoo wakaingia nayo mtaani. Mzee aliipata ikiwa imeshachoka mikono kadhaa, akabebea nazi na nguzo kutoka Mkuranga mpaka petroli ikamshinda, maana ile injini ni silinda sita, karibu lita tano, inakunywa kama wajomba harusini. Akaipaki Kigamboni chini ya mwembe. Miaka ikapita, upepo wa bahari nao ukawa unafanya kazi yake taratibu bila kelele.

Sasa mwaka jana nikapatwa na lile wazo linalowapata wanaume wakifika umri fulani. Nikasema naifufua. Mke wangu akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani imekukosea nini, si uiache ipumzike?" Sikumsikiliza.

Ukitaka kufufua lori unaanza na chesisi, hiyo haina mjadala, kila kitu kinakaa juu ya chesisi. Na chesisi ya lori ukishaivua ni ngazi tu. Reli mbili ndefu zenye umbo la C, zinatazamana, katikati zimeungwa na vyuma vya kuvuka, vyote kwa riveti, ile misumari minene inayogongwa kichwa pande zote mbili. Pale chuma kilipolalia chuma ndo kutu inapoingia, na kutu ikiingia inavimba kama andazi, inasukuma vyuma mpaka vinaachana na riveti inakatika yenyewe. Kwa hiyo tukavua. Kabini chini, injini chini, difu zote mbili chini, springi chini, tanki, nyaya, kila kitu, uani kwangu Kibada, hukohuko Kigamboni, pakawa kama bomu limepiga. Mama watoto akawa anapita katikati ya giaboksi na ndoo ya maji kichwani anaguna tu, na mguno wa mtu wa Tanga una maneno mengi ndani yake.

Ilivyobaki chesisi peke yake tukaita vijana wa boda kama kumi pale kijiweni, kamba, cheni bloku kwenye tawi la mwembe, hesabu moja mbili tatu, tukaipindua ikalala chali juu ya mapipa ili tuingie vizuri tumboni. Fundi akaanza kula vichwa vya riveti kwa grenda na kuzitoa kwa tindo na nyundo, akatoa hanga zote nane, vile vyuma vinavyoshikilia springi, maana zilikuwa zimeliwa. Jamaa wa kupiga mchanga, wale wanaorusha mchanga kwa upepo kutoa kutu, wakaja na kompresa yao, wakaipiga siku nzima, jioni chuma kikawa cheupe kama kipya, nikasimama naitazama machozi yananilenga. Naomba mkumbuke hapo. Chesisi imelala chali. Tumbo linatazama mbinguni. Wote tulikuwepo, wote tulijua.

Kesho yake asubuhi fundi kapata msiba Lindi. Kaondoka mbio, na akiwa kwenye basi akanipigia simu, upepo wa dirishani unavuma, watu wanagombania siti, akaniambia, "Bosi, kabla mvua haijanyesha andika juu, tusije tukachanganya baadaye." Nikamwambia haina shida. Simu ikakatika.

Mimi nikachukua chaki. Nikafikiri kidogo nikaona chaki na masika wapi na wapi, nikachukua rangi nyeupe ya mafuta iliyobaki kwenye geti na brashi. Nikaitazama chesisi. Juu ni wapi? Juu ni juu. Nikaandika JUU, herufi kubwa, nzuri, kwenye ule upande uliokuwa unanitazama. Kuna jambo rahisi kuliko hilo?

Fundi alikaa Lindi siku tisa. Katikati hapo nikapaka redoksaidi mwenyewe, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, chuma kilichopigwa mchanga huwezi kukiacha wazi Kigamboni, usiku mmoja tu kinageuka rangi ya chai. Nikapaka kote, ndani ya C, kwenye kona, mikono miwili, na ile JUU nikaizunguka kwa adabu nisiifute. Hapo ndo mama watoto, mwisho wa uvumilivu wake, akaanika khanga mbili kwenye reli ya kulia, au ya kushoto, hilo tutalijadili mbele, na rangi ilikuwa haijakauka. Moja ilikuwa na maandishi Ya Kuambiwa Changanya na Yako. Ikatoka na mstari mwekundu katikati ya maneno kama mwalimu kaisahihisha. Nilinunua doti mbili mpya Kariakoo na maongezi yakarudi baada ya wiki.

Fundi karudi. Kaikuta chesisi nyekundu imetulia juu ya mapipa, imeandikwa JUU na JUU ipo juu. Yeye akajua nimeshaita wale vijana tumeigeuza akiwa msibani, hakuuliza. Mimi nikaona fundi kaikagua na karidhika, sikuuliza. Kila mtu anamwamini mwenzake. Sijawahi kuona ushirikiano mzuri kama ule.

Tukaanza kufunga hanga. Hanga ya kwanza, matundu hayaingiliani. Yanapishana kama nusu inchi. Tukageuza, tukabadilisha ya kushoto na kulia, tukaleta ya nyuma mbele, wapi. Fundi akajikuna, akasema hizi za jeshi ndo zilivyo, vita ikianza kila kiwanda kinakimbizana, vipimo havilingani. Nikamuuliza vita gani 1953, akasema "Bosi, Wazungu hawajawahi kukosa vita." Nikaona ana hoja.

Alitaka kuchoma matundu mapya kwa gesi. Hapo nikasimama imara, nilikuwa nimeshasoma sana usiku, nikampa mhadhara kwamba chuma cha chesisi ukikipa moto hovyo kinapoteza ugumu wake, ufa unaanzia hapohapo, tundu la chesisi ni la kutoboa na drili na ndani linasafishwa kwa tupa lisiwe na meno. Fundi akanisikiliza kwa heshima. Nilivyokuwa naongea unaweza kudhani namjua Bedford mwenyewe.

Basi tukatoboa. Springi nne, kila springi hanga mbili, kila hanga bolti nne, fanya hesabu. Siku tatu. Biti saba zimekatika, mbili kati ya hizo nilizifuata mwenyewe Gerezani kwa kivuko na jua la saa saba. Luku ya elfu ishirini ilikuwa inaisha kabla ya taarifa ya habari na mama watoto akaanza kupikia mkaa kwa makusudi kabisa, moshi unaelekezwa kwetu. Na kila tundu moja, yaani kila moja, pembeni yake nusu inchi lilikuwepo tundu la kiwandani, la duara safi, limekaa linatutazama.

Kuna siku dogo wangu wa darasa la nne akasema, "Baba, mbona hizi namba zimegeuka?" Kwenye reli kulikuwa na herufi na namba zimegongwa kwenye chuma, na kweli zilikuwa kichwa chini miguu juu. Nikainamisha shingo nikazisoma, kulikuwa na 6 na 9 humo ndani nikashindwa kujua ipi ni ipi. Fundi akasema aliyegonga alisimama upande wa pili. Nikamwambia dogo, umesikia? Aliyegonga alisimama upande wa pili. Nenda kafanye homuweki.

Na msinione mzembe, nilipima! Nilivuta tepu kona kwa kona, mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha mbele kulia hadi nyuma kushoto, tofauti milimita tatu tu, maana yake chesisi haijapinda. Nilitembea mtaani ile jioni kama injinia wa daraja. Tepu haijui juu wala chini, hilo nimelijua baadaye.

Siku ya stelingi boksi, lile boksi la gia za usukani, ndo ilikuwa siku yenyewe. Tumeibeba watu wawili kuipeleka reli ya kulia, mbele, panapotakiwa. Hakuna tundu. Chuma kitupu. Tukazunguka kushoto, pale tukakuta matundu manne yametulia, yanaingia boksi bila hata kusukuma. Fundi akanitazama. Nikamtazama. Akasema, "Kumbe mzee alikuwa anaendesha ya kushoto?" Nikasema hapana, nimepanda hii gari tangu mtoto, mzee alikuwa anakaa kulia. Kimya. Halafu huyu mtu, naapa, akaokota drili akasema, "Basi tutoboe na hapa."

Hapo ndo akaingia Afande. Afande ni mzee jirani yetu, dereva mstaafu wa jeshi, alisukuma malori kwenda Kagera kwenye vita ya 1978 na 1979 na mpaka leo akikaa kwenye kiti cha plastiki mguu wa kushoto unatafuta klachi. Alikuja kuomba pampu ya baiskeli.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba wanangu. Mnafanya nini?"

Nikamweleza kwa madaha, chesisi, mchanga, redoksaidi, haitensaili bolti, zile ngumu zaidi, yote. Akazunguka mara moja, polepole, mikono nyuma. Akainama, akapitisha kiganja chini ya reli, kule kunakotazama ardhini, akakitoa, akanitazama kwa huruma ambayo sijaiona tangu siku ya mazishi ya mzee.

"Bodi mtaifungia wapi?"

"Juu, Afande."

"Matundu ya kufungia bodi yapo huku chini."

Tukainama wote watatu. Yapo.

"Huyu mmemlaza chali," akasema, "halafu mmemfunga miguu mgongoni."

Fundi akaweka drili chini taratibu kama inalala. Akanigeukia.

"Bosi, si nilikwambia uandike juu?"

"Si nimeandika juu?"

"Umeandika juu wapi?"

"Juu! Hapo, juu, huoni?"

"Hiyo sio juu, hiyo ndo chini."

"Chini gani ipo juu?"

"Ipo juu kwa sababu tuliigeuza! Juu yenyewe ilikuwa chini!"

"Sasa ungesema andika chini!"

"Ningesema andika chini si ungeandika chini?"

Dogo akatoa kichwa dirishani. "Kwa hiyo baba umeandika juu kwenye chini?" Ndani nikasikia kitu kimeanguka jikoni, nikadhani sufuria, kumbe ni mama watoto amekaa sakafuni anacheka, hawezi kupumua, na simu ipo sikioni tayari, Tanga wanasikia moja kwa moja.

Vijana wa boda wakaitwa tena. Safari hii hawakutaka hela, walitaka wasimuliwe kwanza. Tukaigeuza, hanga zikatolewa zote nane, zikarudishwa kwenye matundu yake ya zamani, na bolti ziliingia kwa vidole, jamani, kwa vidole, sikuhitaji hata spana mpaka mwisho. Stelingi boksi ikakaa kulia. Namba zikasomeka. 9 ilikuwa 9.

Yale 32 yamebaki. Fundi anataka kuyaziba kwa kuchomelea, mimi na ule mhadhara wangu siwezi kukubali, Afande kasema yawekwe bolti fupi na nati yapakwe rangi yatulie, mtu akiuliza tuseme ni ya jeshi. Yeye anaiita chujio la nazi. Halafu akatuonya tusije tukaipaka kijani cha jeshi, raia hata nguo ya madoa haruhusiwi kuvaa, sembuse lori zima.

Ila fundi kagoma kabisa kutumia neno juu uani kwangu. Anasema limemletea hasara, hata soda akitaka nimpandishie pale kwenye pipa anasema "nisogezee". Juzi kabla hatujaendelea akachukua brashi yeye mwenyewe, akaandika kwenye reli zote mbili kwa rangi nyeupe, upande mmoja MBINGUNI na upande wa pili KUZIMU, ili hata chesisi ikigeuzwa mara kumi asiwepo wa kubishana. Tangu hapo kila jioni hapo getini anasimama mtu, jana mama mmoja kaingia kabisa, kaangalia weee, akatuuliza gari la mahubiri litaanza lini.