Na hizi mia tano ni za nani?

Juzi nilipanga foleni kwa wakala wa pesa za simu kule Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda. Mbele yangu mama mmoja Mkongomani alikuwa anatoa shilingi 100,000 alizotumiwa na mdogo wake. Aliposoma meseji akakunja uso. "Kaka, makato ya kutoa nayajua. Na hizi mia tano ni za nani?" Wakala akacheka: "Za serikali, mama."

Mia tano hiyo ni kodi ya asilimia 0.5 kwa kila pesa unayotoa. Ilipoanza Julai 2018 ilikuwa asilimia 1, watu wakapiga kelele, ikapunguzwa. Mwezi uleule tukaanza kutozwa shilingi 200 kwa siku ili tuingie Facebook na WhatsApp. Julai 2021 hiyo ikafutwa, ikaja asilimia 12 kwenye bando. Wenye mshahara wa kukatwa kodi hapa kwetu ni wachache, kwa hiyo mkono wa serikali umehamia kwenye simu, sabuni na petroli. Huko hakuna anayeulizwa ni raia au si raia.

Ndiyo maana huwa nachoka nikisikia kwenye taksi kwamba wakimbizi wanakula kodi yetu. Ipi hiyo? Posho ya chakula hutolewa na WFP, Shirika la Chakula Duniani, kwa fedha za wafadhili, na mwaka 2025 fedha zilipopungua, watu wapatao milioni moja waliondolewa kwenye orodha. Serikali yetu imetoa kitu kingine: kipande cha ardhi, na sheria ya 2006 inayomruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea atakako. Kwa maoni yangu hiyo ni akili kuliko ukarimu, maana mtu anayeuza vitenge analipa, aliyefungiwa kambini halipi.

Sisemi hakuna mzigo. Watu wa Isingiro, wilaya iliyo na Nakivale, wanajua kuni zimekwenda wapi, na foleni ya zahanati wanaipanga pamoja na wageni. Wakimbizi ni zaidi ya milioni 1.7, wengi wao wanawake na watoto, kutoka Sudan Kusini na Kongo. Lakini sensa ya 2024 ilitukuta milioni 45.9, na karibu nusu yetu tuko chini ya miaka 18. Nyumba yetu wenyewe imejaa watoto. Hatuwezi kumnyooshea kidole jirani kwa sababu naye ana wa kwake.

Kama ni ugomvi wa matumizi, mimi ningeanza na wazee wetu. Mzee wa miaka 80 anapata shilingi 25,000 kwa mwezi kutoka serikalini. Ukiwa na 79, subiri. Jirani yangu mmoja anazipokea. Kilo chache za sukari, sabuni, nauli ya boda hadi zahanati, zimekwisha, na sehemu yake imerudi Kampala kwa njia ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Hakuna mkimbizi aliyekula pesa za mzee huyo.

Yule mama alihesabu noti zake mara mbili, akavuka barabara hadi dukani. Akanunua mche wa sabuni na mafuta ya kupikia. Risiti hakupewa, ila VAT imo ndani ya bei tangu kiwandani, na safari hii hakuna meseji iliyomwonyesha.