Kazi ya nyumbani ni ya nani?

Daftari likirudi shuleni na majibu yote sahihi, mwalimu hajui kilichotokea usiku uliopita. Huenda mtoto ameelewa somo. Huenda mzazi alikaa pembeni akimtajia jibu moja baada ya jingine, kwa sababu usiku ulikuwa umekwenda na kila mtu amechoka. Majibu ya namna zote mbili hupata vema ileile.

Mara nyingi mjadala kuhusu kazi za nyumbani huishia kwenye swali moja: ziwepo au zisiwepo? Serikali nazo zimelijibu kwa amri. Mwaka 1901 jimbo la California, Marekani, lilizuia shule kuwalazimisha watoto wa chini ya miaka 15 kusomea nyumbani. Sheria hiyo ikafutwa mwaka 1917. Ufaransa ilipiga marufuku kazi za kuandika nyumbani kwa shule za msingi mwaka 1956, lakini walimu wengi waliendelea kuzitoa na wazazi wengi waliendelea kuzidai. China iliweka kikomo mwaka 2021: darasa la kwanza na la pili wasipewe kazi ya kuandika, na la tatu hadi la sita wasizidi dakika 60 kwa siku. Mwaka 2024 Poland nayo iliziondoa kwa madarasa ya chini na kuzifanya za hiari kwa yanayofuata.

Wanaozitetea wana hoja ya kweli. Tangu mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, inajulikana kwamba kilichojifunzwa leo hupotea upesi kisiporudiwa, na muda wa darasani hautoshi kurudia kila kitu. Mtafiti Harris Cooper na wenzake walipokusanya tafiti za Marekani mwaka 2006, waliona kwamba wanaofanya kazi za nyumbani kwa kawaida hufaulu zaidi. Uhusiano huo ulionekana wazi kwa wanafunzi wa sekondari, lakini kwa watoto wa madarasa ya chini ulikuwa hafifu. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba anayelia juu ya kurasa nne za hesabu anabebeshwa mzigo ambao faida yake haijathibitika.

Wanaozipinga huanzia kwenye usawa, na hapo nakubaliana nao. Takwimu za mwaka 2012 za PISA, mtihani wa kimataifa unaolinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, zilionyesha kwamba wanafunzi wa miaka 15 kutoka familia zenye uwezo walitumia takribani saa moja na nusu zaidi kwa wiki kwenye kazi hizo kuliko wenzao wa familia duni. Mmoja ana meza, taa na mtu wa kumuuliza. Mwingine anarudi nyumbani kulea wadogo zake. Wakipewa swali moja, hawajapewa kazi moja. Takwimu hizohizo zinatuonya pia tusihesabu saa tu: wanafunzi wa Shanghai walitumia karibu saa 14 kwa wiki, wa Finland chini ya tatu, na wote walipata matokeo ya juu ya wastani katika mtihani huo.

Mzazi naye aingie wapi? Mwaka 2009 watafiti Nancy Hill na Diana Tyson walipitia tafiti nyingi kuhusu wanafunzi wa shule za kati, yaani kati ya msingi na sekondari ya juu, wakakuta kwamba msaada wa mzazi katika kazi za nyumbani haukuambatana na matokeo bora. Kilichoambatana nayo ni mzazi kuzungumza na mtoto kuhusu thamani ya elimu na malengo yake ya mbele. Tuwe waangalifu hapo, maana mara nyingi mzazi huingia kusaidia baada ya mtoto kuanza kuanguka, hivyo si lazima msaada ndio umemwangusha. Hata hivyo, nadhani tumewapa wazazi jukumu lisilo lao. Mzazi anaweza kumtafutia mtoto muda na utulivu, na akamuuliza amejifunza nini. Kufundisha kugawanya kwa njia ndefu ni kazi ya mwalimu, ambaye pengine anatumia njia tofauti na ile mzazi aliyofundishwa zamani.

Shule nyingi pia hazipangi. Mwalimu wa hesabu anatoa maswali kumi, wa sayansi anatoa mchoro, wa lugha anatoa insha, na hakuna anayejua mwenzake ametoa nini. Kona ya ubao ambapo kila mwalimu anaandika kazi aliyotoa na muda anaokadiria ingetosha kuanzia. Anayefuata akikuta dakika zimejaa, aahirishe yake.

Kuna jambo jingine dogo ninaloliona kuwa kubwa. Mtoto akikwama, mzazi asijaze jibu, aandike pembeni: "Amejaribu dakika ishirini, amekwama swali la tano." Mwalimu atasema ana madaftari sitini na hawezi kusoma maelezo ya kila nyumba. Ana haki kulalamika, na ndiyo maana naona ni heri atoe maswali matatu anayoweza kuyasahihisha kuliko ishirini yatakayopigwa vema kwa haraka. Lakini maandishi hayo hayataandikwa kamwe mahali ambapo mwanafunzi asiyemaliza anaadhibiwa mbele ya wenzake. Huko mzazi ataendelea kutaja majibu usiku, na mtoto ataendelea kuyanakili.