Penny Harrington na malalamiko yake 42

Penny Harrington akitajwa, sifa inayotangulia huwa ni moja: mwanamke wa kwanza kuongoza polisi wa jiji kubwa Marekani. Ni kweli, alishika usukani Portland, Oregon, Januari 1985. Ila mimi sifa hiyo hainibabaishi sana, maana meya akiamua, uteuzi ni kazi ya siku moja. Ninayoistahi ni ile miaka ishirini ya nyuma yake.

Aliingia polisi mwaka 1964 na kupelekwa kitengo cha wanawake, kilichoshughulikia wasichana na watoto. Doria, upelelezi na vyeo vilikuwa vya wanaume. Harrington hakukaa akingoja kuhurumiwa. Alishika kalamu akalalamika rasmi. Akimaliza moja anaanza jingine, mpaka malalamiko yakafika 42. Mtu wa hivyo kazini huitwa mkorofi, na sidhani kama yeye aliepuka jina hilo. Lakini ukorofi huo ndio uliomtoa kwenye kile kitengo, ukampandisha hadi usajini, uluteni na ukapteni, kote huko akiwa mwanamke wa kwanza.

Sasa tazama kilichompata kileleni. Aprili 1985, miezi michache tu tangu aanze kazi, askari walimpiga kabali Lloyd Stevenson, mlinzi mweusi aliyekuwa akijaribu kusaidia baada ya wizi dukani, akafa. Harrington akapiga marufuku kabali. Siku ya mazishi ya Stevenson, askari wawili wakawa wanawauzia wenzao fulana zenye maandishi ya kejeli: msiwakabe, wapigeni risasi. Siku ya mazishi! Akawafukuza kazi. Msuluhishi wa migogoro ya kazi akawarudisha.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaoshangilia uteuzi peke yake. Mkuu asiyeweza kumfukuza askari wa namna ile ana nyota begani, lakini meno hana. Chama cha askari kilimpinga waziwazi, na maagizo yake hayakuwa na uzito chini kama yalivyokuwa juu ya karatasi.

Simfanyi malaika. Tume iliyoichunguza idara ilimkosoa na kupendekeza aondoke, na Juni 1986 akajiuzulu, miezi 17 tu tangu aanze. Lakini idara ilikuwa na maradhi yake kabla hajakalia kile kiti, na aliyebebeshwa lawama ni mgeni wa ofisi. Wanaume wangapi wamevumiliwa muda mrefu zaidi kwa makubwa zaidi?

Mwaka 1995 akawa mkurugenzi mwanzilishi wa kituo cha kitaifa kinachotetea wanawake katika upolisi. Alirudia kazi aliyoijua kuliko zote: kuzibana idara ziwaajiri wanawake na kuwapandisha vyeo. Binafsi naihesabu kazi hiyo kuwa kubwa kuliko ile miezi 17.