Huku hawabishani dini, na hilo linanikera

Juzi tukiwa mapumziko kazini hapa Birmingham, dada mmoja wa zamu yetu aliniuliza mbona sili. Nikamwambia nimefunga, ni Ramadhani. Akauliza kama kweli naamini kuna siku nitafufuliwa nihesabiwe. Nikasema naam. Akatabasamu, akasema kama naona ni kweli basi kwangu ni kweli, akaendelea na sandwichi yake.

Hakunitukana. Ni mpole, hajawahi kunivunjia adabu. Lakini jibu lile limenichoma kuliko tusi. Ama tutafufuliwa sote, yeye na mimi, ama hafufuliwi mtu. Haiwezekani mimi nifufuke kwa kuwa naamini, yeye abaki udongoni kwa kuwa hana habari.

Kwetu Ngamiani, Tanga, nani angekujibu hivyo? Barazani baada ya Isha utabishiwa mpaka kahawa iishe kwenye dele. Maulidi ni bidaa au si bidaa, Yesu ni nani, mwezi ukionekana Kenya unatuhusu au hautuhusu. Jirani yetu Mbondei, Mwanglikana aliyesoma Magila, yumo humo humo na aya zake kichwani. Sauti zinapanda, watu wanasusa, kesho wamerudi. Na upande mmoja ukifiwa, wa upande wa pili ndio wanaohangaika na turubai. Wanabishana kwa sababu wanajua kuna lililo kweli na kuna mtu amekosea. Mimi hiyo naiita kuheshimiana.

Hata sensa. England na Wales mwaka 2021 waliulizwa dini, Wakristo wakatoka asilimia 46.2, chini ya nusu, na kwa majirani zangu wala halikuwa jambo la kuzungumza. Kwetu Tanzania sensa haijauliza dini tangu 1967, na sote tunajua kwa nini: kuogopa watu wasije wakagombania idadi.

Najua yupo anayesema sasa hivi, "Kama kwetu ndiko kuzuri, si urudi?" Na mwingine, "Ulaya imempanda kichwani, keshakuwa sheikh." Sijifanyi sheikh. Nimesoma chuoni kama mlivyosoma, msahafu na vitabu viwili vitatu. Lakini nina swali, na linatuhusu sisi, si Wazungu.

Sisi tunaobishana hivyo juu ya Mungu, mbona mtu akivaa kanzu au akishika Biblia akatupa dawa hatumbishii? Mwaka 2011 Waislamu kwa Wakristo walipanga foleni Samunge, kule Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Babu, mchungaji mstaafu, na ukiuliza vipimo vinasemaje unaambiwa huna imani. Mama yangu mdogo ana sukari. Mtu wa mtaani kwetu alimwandikia kombe, zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa marashi, akanywa. Akaambiwa na vidonge aviache, maana kuvimeza ni kutomtegemea Mungu. Akaviacha. Leo hana mguu wa kushoto.

Mtasema imani haipimwi. Kuwapo kwa Mungu hakupimwi kwa mashine, nakubali. Ila anayesema sukari imeshuka kasema jambo ambalo tone moja la damu ya kidole linalijibu. Kombe lenyewe silikatai, ni dua, na dua naomba kila siku. Ninachokataa ni kumsemea Mungu uongo.

Wala msiniambie kuhoji huko nimekutoa Uzunguni. Mtume alifiwa na mwanawe Ibrahim, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Angenyamaza tu, nani angemlaumu, tena mfiwa? Alisimama akawaambia jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Mtoto kazikwa, na bado hakukubali atukuzwe kwa lisilo kweli. Hadithi hiyo imo kwenye Bukhari, na Bukhari nimeiona kabatini kwa yule aliyemwandikia mama mdogo kombe.