Mkono Uliochelewa

Kwa kuwa rafiki yangu wa ile bendi ya kwanza amekwisha kuwasimulia wengi wenu toleo lake, na kwa kuwa katika toleo hilo mimi nimepiga magoti mbele ya sintesaiza yangu, kile kinanda cha umeme, nikiibembeleza inyamaze, sina budi kuandika haya leo, kabla habari haijamfikia mama yangu. Magoti nilipiga, sikatai. Ila nilikuwa ninatafuta waya.

Mnaotufuata tangu ziara ilipoanza mnaujua utaratibu wetu: bendi tatu, gari moja, mikisa moja ya kuchanganyia sauti yenye chaneli (njia za sauti) 16 na fundi mitambo mmoja asiyependa maneno mengi. Tunajitegemea, maana yake ni kwamba anayebeba spika mchana ndiye anayepiga usiku, na ndiye huyo huyo anayesimama kwenye meza ya kaseti watu wakitoka. Zamu za kupanda jukwaani tunazibadilisha kila usiku ili asiwepo anayewapigia viti vitupu siku zote. Tulikubaliana pia jambo moja ambalo lilionekana la busara mno tulipolijadili garini: kusiwe na kimya kati ya bendi na bendi. Muziki wa ambienti, yaani muziki wa utulivu unaotanda polepole, hauna mahali pa kupigia makofi katikati, kwa hiyo bendi inayotoka huiacha lupu yake, kipande cha sauti kinachojirudia, ikizunguka, inayoingia huipandisha sauti yake polepole juu ya ile iliyopo, kisha mwenye lupu hupita kwa kunyata akaikanyaga pedali yake ikazima. Ni kama mbio za kupokezana vijiti, isipokuwa hakuna anayekimbia.

Usiku wa tukio nilikuwa wa pili. Bendi yangu, kwa wasiojua, ni mimi na meza.

Sasa hapa naomba mnisome taratibu, maana toleo la rafiki yangu limeruka sehemu hii, na ndiyo yenye kila kitu. Nilipokuwa nimeinama gizani nikichomeka vifaa, fundi alinijia akaninong'oneza kwamba chaneli zangu mbili, ya 3 na ya 4, amezifunga, kwa sababu ukichomeka jeki, ile plagi ya waya wa sauti, kwenye chaneli iliyo wazi spika hutoa kishindo, na watu walikuwa wamelala sakafuni macho yakiwa yamefumbwa. "Ukiwa tayari, nyanyua mkono nizifungue," akasema. Nikamjibu, "Sawa, fundi." Nakumbuka kabisa kwamba nilimjibu. Nilimjibu kwa ile "sawa" ya mtu ambaye mdomo umeafiki na akili iko kwenye soketi.

Nikavaa hedifoni. Ninatumia zile kubwa zinazofunika sikio lote, nazichomeka kwenye mikisa yangu ndogo ya mezani, ile inayopokea vifaa vyangu vyote kabla sauti haijaondoka kwenda kwa fundi. Mwenye macho na aone hatari iliyokuwa imejificha hapo: mimi najisikia kwa ukamilifu, hata kama duniani hakuna mwingine anayenisikia.

Nikaanza kupiga. Nisiwe mnafiki, nilipiga vizuri kuliko usiku wowote wa ziara hii. Nilianza kwa noti moja ya chini, nikaiacha ikae, nikaongeza ya pili iliyo nje kidogo ya tuni ili zigombane kwa upole, nikafungua filta kwa uvivu wa makusudi, kiasi kwamba kuifungua peke yake kulichukua dakika 6. Nilihisi besi ikipanda kutoka sakafuni hadi magotini, nikajiambia kwamba leo besi yangu imekaa mahali pake. Ilikuwa besi ya rafiki yangu. Lupu yake ya sekunde 19 ndiyo iliyokuwa ikizunguka kwenye spika, nayo iliendelea kuzunguka kwa sababu mwenyewe, aliyetakiwa kuizima mara tu nitakapoingia, alikuwa amesimama pembeni akiningoja niingie. Fundi naye alikuwa akiningoja ninyanyue mkono. Mimi nilikuwa nimefumba macho, natikisa kichwa.

Mtauliza ilikuwaje hakuna aliyegundua. Ndugu zangu, tafakarini ni muziki gani tunaozungumzia. Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza ambaye mwaka 1978 aliandika maelezo yaliyoupa jina la ambienti, alitaka uwe muziki unaoweza kusikilizwa kwa makini au kupuuzwa, vyote sawa. Robert Rich, mwanamuziki wa Marekani, alianza mwaka 1982 kufanya matamasha ya usiku kucha ambayo wasikilizaji hufika makusudi kulala usingizi. Katika fani yenye wazee wa namna hii, ni nani atakayesimama dakika ya 20 na kusema, samahani, mbona hakuna kinachobadilika? Fundi aliniambia baadaye kwamba alidhani bado ninajiandaa. Nikamuuliza, dakika 38? Akasema katika ziara hii amejifunza kutowauliza watu maswali.

Basi ikafika mwisho wangu. Nina namna yangu ya kumaliza, na baadhi yenu mmewahi kunitania kwayo: nazishusha sauti zote kwenye mikisa yangu hadi sifuri, pole pole, kisha nanyanyua mkono wa kulia juu, kiganja kikiwa wazi, na kuushikilia hapo mpaka mwangwi wa mwisho ufe. Ni jambo la majivuno, nakiri, lakini kwenye picha linapendeza.

Nikashusha. Ndani ya hedifoni kukawa kimya kitupu. Nikanyanyua mkono.

Kule nyuma ya ukumbi, fundi mitambo, ambaye alikuwa ameusubiri mkono huo tangu mwanzo, alizifungua chaneli zangu, akanionyesha dole gumba. Niliona lile dole gumba kwenye mwanga hafifu wa mikisa yake. Nilidhani ananipongeza. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mkono ukiwa bado juu.

Kisha, kwa mkono wa pili, nikaisogeza hedifoni sikio moja ili niuonje ule utulivu pamoja na watu wangu.

Ukumbi ulikuwa unavuma.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mwangwi. Pedali yangu ya mwangwi nimeiweka sekunde 20, basi nikasubiri sekunde 20, mkono juu. Zikapita. Nikasubiri nyingine 20. Kwapa lilianza kuuma. Watu wa mstari wa mbele walikuwa wamefumbua macho na kuutazama mkono wangu kwa heshima kubwa, wakidhani una jambo la kuwaambia. Nilitamani angalau wazungumze, wakohoe, mtu apokee simu. Mwaka 1920 huko Paris, mtunzi Erik Satie aliwasihi watu wapige soga na kutembeatembea wakati muziki wake wa fanicha, uliotungwa uwepo tu chumbani kama samani, ukipigwa, wakakataa, wakaketi kimya kumsikiliza. Kabla ya usiku ule nilikuwa ninakichukulia kisa hicho kuwa cha kuchekesha.

Mkono ukiwa bado juu, kwa sababu sasa sikujua niushushe kwa kisingizio gani, nikaibonyeza pedali ya mwangwi kwa mguu. Taa yake ikazima. Mvumo ukaendelea. Nikaizima sintesaiza ya kwanza. Ukaendelea. Nikaizima ya pili. Ukaendelea, na naapa ulisikika kama umenona. Taa ndogo za mezani kwangu zilikuwa zinazimika moja baada ya nyingine kama nyumba za kijiji watu wakilala, na kila ilipozimika moja mtu fulani pale mbele alivuta pumzi. Hapo ndipo mkono uliposhuka na magoti yakapigwa. Chini ya meza kulikuwa na ekstensheni nne zilizosokotana, nikaichomoa iliyokuwa karibu. Katika toleo la rafiki yangu nilizima taa za jengo zima, ukweli ni kwamba nilizima taa ya meza ya kaseti pekee, na kule mbali nikasikia sauti ya mwenzetu wa bendi ya tatu ikisema, "Ah!"

Ilibaki waya mmoja, ule unaotoka kwenye mikisa yangu kwenda kwa fundi. Niliushika. Nilikuwa nimekwisha kufikia hatua ile ambayo mtu hafikiri tena, anachomoa tu. Na fundi kwa upande wake, baada ya kuzifungua chaneli zangu na kukuta hazitoi kitu, alikuwa akinipandisha sauti kidogo kidogo kwa wema wake wote, hadi karibu na mwisho, akisubiri hatimaye nianze.

Nikachomoa. Ncha ya jeki ikagusa kidole changu cha shahada.

Wanaofanya kazi hii wanajua kinachotokea. Kwa wengine, chukueni umeme wenyewe, ule wa ukutani, hertz 50 au 60 kutegemea mlipo, mfanye ngoma ya sikio lenu kuwa mlango, kisha ugongwe kwa gogo. Ulikuwa mngurumo mmoja wa kama sekunde 2, ukiwa na kishindo mwanzoni na kishindo mwishoni nilipoutupa ule waya. Watu wote waliokuwa wamelala sakafuni waliketi kwa pamoja kama waliofufuliwa. Mtu mmoja alipiga kelele. Nadhani alikuwa mimi.

Na katika kile kizaazaa, huku mvumo wa lupu ukiendelea kana kwamba hayauhusu, nikaona mguu. Ulikuwa na soksi tu, bila kiatu, kwa sababu mwenye mguu huo hupenda kupanda jukwaani bila kelele. Ulipita mbele ya pua yangu nikiwa bado chini ya meza, ukanyoosha kidole gumba, ukaikanyaga pedali moja ndogo ambayo haikuwa yangu, iliyokuwa imekaa hatua mbili kutoka kwangu ikimetameta kijani muda wote.

Kimya.

Niliinua macho, rafiki yangu akaniinamia na kuniuliza kwa upole, "Kaka, kwani ulikuwa bado hujaingia?"

Kisha ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka, kwa sababu hayana utamu na mengine bado yanauma. Watu walisimama. Msichana mmoja alinishika mkono, ule ule wa kulia, akaniambia kuwa sehemu ya kimya kirefu kabla ya radi imempeleka mbali, na kuuliza kipande kile kinaitwaje. Nilimtajia jina, msiniulize jina gani. Bendi ya tatu ilichelewa kuanza kwa sababu ya taa ya meza. Fundi alikuwa amerekodi tamasha zima, na garini akatusikilizisha: dakika 38 za lupu ya sekunde 19, yaani mara 120 za kitu kile kile, kisha mimi, sekunde 2. Huo ndio mchango wangu wote. Eno alisimulia mwenyewe jinsi mwaka 1975, akiwa amelala kitandani baada ya ajali, alivyowekewa santuri ya kinubi ikipigwa kwa sauti ya chini mno, huku chaneli moja ya stereo ikiwa imekufa, na asiweze kuinuka kurekebisha. Kutokana na hali hiyo akagundua namna mpya ya kusikiliza muziki. Mimi chaneli zangu mbili zote zilikuwa zimekufa, na nilichogundua ni mahali ilipo pedali ya mwenzangu.

Rafiki yangu anasema kaseti zilizouzwa usiku ule kwenye fungu langu ni zake kwa haki, kwa kuwa watu walinunua wakitafuta kile walichokisikia. Nimempa nusu. Anasema pia kwamba alikuwa ameguswa sana pale pembeni, kwa sababu alidhani nimeamua kwa heshima kuiacha kazi yake peke yake ijieleze, na hilo hajaliweka katika toleo analowasimulia, kwa hiyo naliweka mimi.

Jana tulipiga ukumbi mwingine. Fundi alikuwa amebandika kipande cha utepe juu ya chaneli ya 3 na ya 4, na ameandika neno moja tu, MKONO. Sikutaka mchezo. Nilipanda jukwaani, na kabla hata ya kuvaa hedifoni nikaunyanyua wote, umenyooka, nikaushikilia mpaka nilione lile dole gumba. Watu wa mstari wa mbele wakatazamana, kisha mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, wakanipungia.