Mpwa wangu hakufungwa

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani na fomu ya maombi ya kazi ya ulinzi, kurasa nne. Jina, shule na wadhamini wawili alikuwa ameshajaza. Alikwama ukurasa wa tatu, kwenye swali "Je, umewahi kufungwa?" Alikuwa ameweka tiki kwenye Ndiyo. Chini yake palikuwa na maneno: "Kama ndiyo, taja kosa na muda wa kifungo." Kisha mistari miwili ya nukta, mitupu.

"Mjomba," akaniuliza, "hapa niandike nini?"

Hakuwa na cha kuandika kwa sababu hakuna hakimu aliyewahi kumtia hatiani. Alikaa gerezani miezi 11 kwa shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha, halafu upande wa mashtaka ukaiambia mahakama kwamba hauna nia tena ya kuendelea na kesi. Akaachiwa. Lakini mtaani kwetu kila mtu anasema kijana yule alifungwa. Mama yake anasema alifungwa. Na mwenyewe, kwa kulisikia kila siku, ameshalikubali hadi kuliwekea tiki.

Kwetu Tanzania lugha ilishaweka mpaka hapa zamani. Mahabusu ni mtu anayesubiri, mfungwa ni mtu aliyehukumiwa. Hata macho yanaona: mahabusu huja mahakamani na nguo zake za nyumbani, mfungwa ana sare ya rangi ya chungwa. Na ukilisikiliza neno mfungwa lenyewe, ndani yake kuna mtu mwingine, yule aliyefunga. Kwa sheria mfungaji ni mahakama peke yake, baada ya kusikiliza ushahidi, kutaja kosa na kuhesabu miaka. Mahabusu tulilichukua kwa Waarabu, na kwao humgusa yeyote aliyezuiwa, kahukumiwa au hajahukumiwa. Sisi tukalipa kazi mahususi ya kumtunzia mtu heshima yake wakati hatia bado haijathibitika. Naliona ni jambo zuri mno lililofanywa na lugha yetu, ndiyo maana inaniuma tunavyolitupa.

Jela na gereza hayatusaidii, maana ni majina ya nyumba. (Gereza linasemwa limetokana na neno la Kireno la kanisa, na ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka leo.) Ukisema "yuko gerezani" umetaja alipo tu. Kilichompeleka bado hujakisema.

Siku nne za mwanzo kijana alikuwa kituo cha polisi. Hapo aliitwa mtuhumiwa, nasi tuliambiwa "tunamshikilia kwa mahojiano." Dada yangu alikuwa akipeleka wali na maharage kwenye hotipoti, na kila mara alitakiwa kula kijiko cha kwanza yeye, mbele ya askari kaunta, ndipo chakula kiingie ndani. Siku ya nne mkono ulikuwa ukimtetemeka hata maharage yakamwagikia kanga. Sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kwa hiyo kushikiliwa ni neno lenye saa zake. Saa hizo zikiisha na mtu hajamwona hakimu, tuseme wazi kwamba amezuiliwa kinyume cha sheria.

Mahakamani akawa mshtakiwa, na sisi tukajifunza maneno mengine. Kesi "kutajwa" si kesi "kusikilizwa". Kila baada ya siku 14 tulikaa kwenye benchi kusikia sentensi ile ile: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Mdhamini tulikuwa naye, barua ya mtendaji wa mtaa tulikuwa nayo, lakini shtaka lenyewe halina dhamana. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ndicho kilichomfungia mlango. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho mwezi Mei, na Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Jirani anayemwita kijana huyu mfungwa anamtendea hivyo hivyo kwa ulimi.

Liko neno jingine zito zaidi, kizuizini. Chukua watu wawili wa kalamu waliopita gereza la Kamiti, Kenya. Abdilatif Abdalla alishtakiwa kwa maandishi ya kuipinga serikali, akahukumiwa mwaka 1969, akatumikia miaka 3. Huyo alikuwa mfungwa; hukumu unaweza kuiita ya uonevu, nami naiita hivyo, lakini ilikuwepo, na siku ya kutoka ilijulikana. Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa mwishoni mwa Desemba 1977 akatoka Desemba 1978, bila kushtakiwa kwa lolote. Huyo alikuwa kizuizini. Wa kizuizini hana hata tarehe ya kesi kutajwa. Tanganyika nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1962, ikampa Rais mamlaka ya kumweka mtu ndani bila kesi. Ndiyo sababu ninaposikia redio za Kenya zikisema mtuhumiwa "anazuiliwa" kituoni, pale ambapo sisi tungesema anashikiliwa, moyo hunishtuka kwanza.

Na "kuwekwa ndani" kwa amri ya mkuu wa mkoa au wa wilaya, hadi saa 48 kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, kusiitwe kufungwa pia. Mkuu wa wilaya hafungi mtu, hana mamlaka hayo. Gazeti likiandika kwamba amemfunga diwani, limempa kiti cha hakimu.

Nimeambiwa hayo ni maneno tu, miezi 11 ni miezi 11 na sakafu ya kulalia ni ile ile. Mwili wake haukuona tofauti, hilo nalikubali. Ila mwajiri hausomi mwili, anasoma tiki.

Tulikwenda steshenari tukachapisha ukurasa wa tatu upya. Akaweka tiki kwenye Hapana, taratibu, na ile mistari miwili akaiacha kama ilivyo. Jioni dada yangu akaja kuuliza kama ni kweli mwanawe hakufungwa. Nikamwambia kweli.

"Sasa wakiniuliza nisemeje, kaka?"

"Sema alikuwa mahabusu, kesi ikaondolewa."

Akalirudia polepole, mara mbili, huku akifunga kanga yake vizuri ili aondoke.